Susu: Bustani Inayobebwa na Fundo

Mama mmoja fundi wa kamba hana futi ya kupimia. Hunyoosha mikono yake miwili, kamba ikanyooka kutoka ncha za vidole vya kushoto hadi vya kulia, na hiyo ni pima moja. Huongeza pima ya pili, kisha shubiri mbili juu yake, ndipo kisu kinapopita. Hurudia hivyo mara nane. Kamba nane zinalala kwenye mkeka barazani mwake, katika mojawapo ya barabara za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, zinazojulikana kwa namba, na ukizijumlisha zinakaribia mita 30. Kutokana na mita hizo 30 kitatoka kitu cha urefu wa mita moja tu: susu la kuning'inizia chungu cha ua.

Nimekaa mara nyingi kwenye mkeka ule nikimtazama. Sikuja kujifunza. Nilikuja kununua, kwa kuwa nyumba yangu ni ndogo na nafasi ya sakafuni ilikuwa imekwisha. Lakini mtu akiona kazi inayofanywa kwa adabu hawezi kuondoka mapema. "Kaa, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "hiki si kitu cha kusubiriwa ukiwa umesimama."

Neno susu ni la zamani kuliko mtindo wa kupamba nyumba kwa mimea. Susu lilikuwa kifaa cha jikoni. Lilifungwa kwenye boriti, na ndani yake kikawekwa chungu cha maziwa au bakuli la samaki, paka asifikie, panya asifikie, na sisimizi apate safari ndefu. Kamusi za Kiswahili zimelihifadhi, ingawa vijana wengi wa leo hawajapata kuliona likifanya kazi hiyo. Friji ililipokonya susu ajira yake ya jikoni, nalo likahamia sebuleni. Mjini Bujumbura utasikia watu wakiliita makrame, neno lililotujia kwa njia ya Kifaransa, baada ya kupita Kituruki likitoka kwenye Kiarabu. Sina ugomvi na neno hilo. Ila inafaa mtu anayelipa pesa kwa makrame ajue kwamba kitu hicho bibi yake alikuwa nacho, na alikuwa na jina lake.

Kazi huanzia kwenye kuchagua kamba, na hapo ndipo wengi wetu hukosea kabla hata ya fundo la kwanza. Mama huyu ana aina tatu kapuni mwake. Pamba ni laini, inatii vidole na haikwaruzi, lakini hulegea ikibeba uzito kwa muda mrefu. Susu lililokuwa sawa mwezi wa kwanza huwa limeshuka vidole viwili mwezi wa sita. Nailoni, ile ile ambayo wavuvi wa ndagala huitumia katika Ziwa Tanganyika, haiozi kwa maji, lakini inateleza, hivyo kila ncha sharti ichomwe kidogo kwa moto, na jua la miaka huidhoofisha mpaka ikawa kama makapi. Katani ina nguvu na inashika fundo kwa meno, lakini ikilowa kila siku bila kukauka huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Kwa hiyo jibu lake hutegemea swali: ua litakaa wapi? Ndani, mahali pakavu, hutumia pamba nene. Barazani penye upepo na manyunyu lakini pasipo na jua kali, nailoni. Kwa chungu kizito ambacho mwenyewe atakishusha kukimwagilia, katani. Hajapata kuniuzia kamba bila kuniuliza kwanza dirisha langu linatazama wapi.

Hiyo katani nayo ina safari yake. Mmea wake, mkonge, asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, na ni 62 tu iliyofika hai kwenye pwani ya Tanga. Kutoka kwa hiyo 62 yakatokea mashamba ya mkonge yaliyoipa Tanganyika jina duniani. Na mwaka huohuo wa 1893, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland kule Hannover aliandika kwa mara ya kwanza maelezo ya kisayansi ya ua dogo la zambarau lililotoka kwenye Milima ya Usambara, nyuma ya mji uleule wa Tanga. Alilipa jina Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya. Leo ua hilo lipo kwenye madirisha ya dunia nzima. (Usambara hiyo isichanganywe na Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, herufi mbili tu zimepoteza watu wengi.) Ninapoona ua la Usambara limekaa ndani ya susu la katani, naona vitu viwili vilivyopishana katika bandari moja, kimoja kikiingia na kingine kikitoka, vikikutana tena kwenye dirisha la Buyenzi.

Sasa fundo. Kamba nane hupitishwa kwenye pete ya chuma na kukunjwa, zikawa ncha 16. Lakini hazikunjwi katikati. Upande mmoja wa kila kamba huachwa mrefu zaidi, kwa sababu katika kazi hii kuna nyuzi zinazosimama na nyuzi zinazotembea, na zinazotembea huisha haraka. Ncha hugawanywa katika mikono minne, kila mkono nyuzi nne: mbili fupi katikati, ndizo nguzo, mbili ndefu pembeni, ndizo zenye kufanya kazi.

Uzi wa kushoto unapita juu ya nguzo na chini ya uzi wa kulia. Wa kulia unapita nyuma ya nguzo na kuibukia kwenye kitanzi cha kushoto. Anakaza. Hiyo ni nusu. Kisha anaanza upande wa kulia, hatua zilezile kinyume chake, anakaza tena, na fundo limekamilika. Likirudiwa, hutoka mkanda bapa ulionyooka kama msuko wa nywele uliosukwa na mtu asiye na haraka. Lakini akianza upande wa kushoto kila mara, bila kubadilisha, mkanda wenyewe huanza kujizungusha, fundo baada ya fundo, mpaka ukawa kama ngazi ya mnara. Hakuna alichoongeza. Ni kosa lilelile ambalo mwanafunzi angekaripiwa kwalo, nalo mikononi mwa anayelijua likawa pambo. Yeye huweka shubiri moja na nusu ya mkanda bapa, kisha shubiri moja ya mzunguko, na mikono yote minne inazunguka kuelekea upande mmoja.

Mikono ikifika kimo chake, huacha kamba tupu kiasi cha shubiri. Hapo ndipo susu linapopata tumbo. Huchukua nyuzi mbili za mkono huu na mbili za mkono wa jirani, akazifunga pamoja. Anazunguka hivyo mpaka wa nne ukutane na wa kwanza. Anashuka vidole vinne, anabadilishana majirani tena. Sasa kuna wavu. Mwishowe ncha zote 16 hukusanywa chini, zikazungushiwa kamba moja mara nane au kumi, kila mzunguko ukiwa juu ya mwenzake bila kupandana, na ncha ya kamba hiyo ikavutwa ndani isionekane. Mabaki huachwa yakining'inia kama shada. Watu husifu shada. Fundo lililo juu ya shada ndilo linalobeba kila kitu.

Nilichokipenda zaidi ni anachofanya baada ya kumaliza. Hulitundika susu tupu kwenye msumari wa mlango, akarudi nyuma hatua tatu, akaliangalia. Mkono mmoja ukizidi wenzake hata kwa unene wa kidole, chungu kitainama, maji yatakimbilia upande mmoja, udongo utamomonyoka na mizizi ya upande wa juu itakauka. Akiona tofauti hiyo hufumua. Nimemwona akifumua kazi ya asubuhi nzima bila kubadilisha uso. Likiwa sawa, huning'iniza ndani yake bidoni la lita 20 lililojaa maji, akaliacha mpaka kesho yake. Lita 20 ni kilo 20. Chungu changu, kikiwa na udongo uliolowa, hakizidi kilo kumi. Yeye hupima kwa mara mbili ya mzigo, halafu ndipo hukubali pesa.

Uzito ndio siri ya sanaa hii yote. Ua dukani ni jepesi kwa sababu udongo wake umekauka. Chungu cha lita tano kikishanyweshwa huwa kizito kuliko mtoto mchanga, na kikiwa cha udongo wa kufinyanga huongezeka tena. Vyungu hivyo vya kufinyanga, ambavyo Watwa wa Burundi wamevitengeneza kwa vizazi na vizazi, vina sifa isiyopatikana kwenye plastiki: vinapumua, na maji yaliyozidi hupotelea kwenye kuta zake. Anayevipenda avipe boriti inayovistahili. Asiyekuwa na boriti ya namna hiyo atumie plastiki, na apunguze uzito wa udongo. Uwanda wa Imbo, unaouzunguka mji wetu upande wa kaskazini, ni nchi ya mpunga, na makapi ya mpunga yakichanganywa na udongo wa bustani, mbolea iliyooza vizuri na vipande vidogo vya makaa, hutoa mchanganyiko mwepesi unaopitisha maji haraka.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Katika nyumba, pembamba si kwenye kamba. Ni pale kamba inapokutana na nyumba. Nimelijua hilo kwa gharama. Ua langu la kwanza nililifunga kwenye kulabu niliyoikaza mwenyewe katika mbao nyembamba za dari, kwa kuwa hapo ndipo nilipotaka lionekane. Lilikaa siku tisa. Usiku wa kumi lilishuka na kipande cha dari, chungu kikapasuka kwenye meza ambayo saa chache kabla watoto walikuwa wakifanyia kazi za shule. Susu lenyewe halikupata hata mkwaruzo.

Tangu hapo nimeufuata utaratibu wa mafundi. Dari ni pazia tu, haibebi kitu. Kinachobeba ni boriti iliyo juu yake. Gonga kwa vifundo vya vidole: penye uwazi pana sauti ya ngoma, penye boriti sauti hufa. Kulabu ya skrubu iingie kwenye mti mzima, na itobolewe kwanza tundu jembamba ili mti usipasuke. Ukuta wa matofali ya kuchoma hubeba vizuri, mradi mkono wa chuma ufungwe kwenye tofali lenyewe na si kwenye lipu au kwenye kiungo cha tope kati ya tofali na tofali. Wachomeleaji wa Buyenzi, wanaofanya maajabu kwenye magari, watakupindia nondo ya milimita nane ikawa kulabu ambayo wajukuu wako wataikuta. Na pale pasipo na boriti wala ruhusa ya mwenye nyumba kutoboa, nondo za dirisha zipo tayari, nazo zimeshikwa na ukuta pande zote.

Baada ya uzito ni mwanga, na hapa mji wetu una kanuni yake. Bujumbura ipo kusini mwa ikweta kwa digrii tatu na kitu. Jua hupita juu kabisa ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la mchana huegemea kusini. Kuanzia Machi hadi Oktoba huegemea kaskazini. Maana yake ni kwamba baraza linalotazama kaskazini, ambalo Desemba lilikuwa na kivuli kizuri, mwezi wa Julai hupigwa na jua, tena wakati wa kiangazi chetu, mvua zikiwa zimekwisha na vumbi likiwa hewani. Watu husema ua limerogwa. Halikurogwa, jua limehama na ua halikuhamishwa. Hapo ndipo utaona ubora wa susu: kulabu mbili, moja kila upande wa nyumba, na ua linahama na majira kama mfugaji.

Dirisha la mashariki, linalopokea jua la asubuhi likichungulia kutoka kwenye vilima vya Mumirwa, ndilo la heri kwa mimea mingi. Dirisha la magharibi hupokea jua la alasiri likitokea upande wa ziwa na milima ya Kongo, nalo huchoma majani laini. Liwekee pazia jepesi au mmea mgumu. Na usining'inize juu sana. Chini ya mabati joto hupanda na kukaa karibu na dari, udongo ukakauka nusu siku mapema. Chungu kikae usawa wa macho ya mtu aliyesimama, au juu kidogo ya vichwa ikiwa ni njia ya kupita.

Kuhusu mimea ya kuning'iniza, mwalimu wetu ni msitu. Nenda Kibira, hifadhi ya taifa yenye takriban kilomita za mraba 400 kwenye mgongo wa milima unaogawanya maji ya Kongo na ya Nile. Miti yake imebeba bustani matawini: makangaga, okidi, vigoga na ndevu za kijani, vyote vikiishi hewani kwa umande na mabaki ya majani bila kugusa ardhi. Mimea iliyotoka katika maisha ya namna hiyo haioni susu kuwa adhabu. Platycerium elephantotis, kangaga la Afrika ambalo jina lake la kisayansi limebeba masikio ya tembo, halihitaji hata chungu: hufungwa kwenye kipande cha ubao kwa uzi wa nailoni juu ya tabaka la vigoga, likatundikwa ukutani kama picha. Rhipsalis baccifera, mpungate usio na miiba, huteremka kama nywele. Ni wa pekee katika jamii nzima ya mipungate uliokutwa ukiota wenyewe nje ya mabara ya Amerika, na Afrika ni miongoni mwa makao yake. Chlorophytum comosum, naye Mwafrika, hutoa vijiti virefu vyenye watoto nchani; ukiwa mezani watoto wale hulala ovyo, ukiwa hewani hukaa kama taa. Kwa anayeanza, atafute Epipremnum aureum, mtambaaji mwenye majani ya kijani na manjano kutoka kisiwa cha Mo'orea katika Bahari ya Pasifiki. Husamehe kivuli na husamehe usahaulifu.

Ziko njia nyingine, na zote zina heshima. Fimbo ya mianzi iliyolazwa juu ya dirisha hubeba vyungu vitano vidogo kwa kamba fupi. Mbao tatu zilizotobolewa pembeni na kupitishiwa kamba mbili huwa rafu inayoning'inia. Bidoni la mafuta lililokatwa na kutobolewa chini hufaa kabisa kwenye nondo za dirisha la jikoni, likapandwa mnanaa na mchaichai. Lakini hakuna kati ya hizo inayomdai mtu saa nne za vidole, na ndiyo maana narudi kwenye susu.

Lililobaki ni maji, ambalo ndilo jambo la kila siku. Ua lililo hewani hukauka kuliko la sakafuni, kwa kuwa upepo hulizunguka pande zote. Chomeka kidole kwenye udongo: ukiwa mkavu kiasi cha vidole viwili vya juu, linyweshe. Maji ya kuoshea mchele yanatosha kabisa. Ni bora kulishusha, kulimwagilia nje, kuliacha litiririke hadi tone la mwisho, kisha kulirudisha. Kwa hiyo susu la katani halilowi na sakafu haiharibiki. Mama yule amefunga kapi dogo kwenye boriti yake, kama lile la jahazi, akilegeza kamba ua huteremka mbele yake bila yeye kupanda kiti. Wanaopendelea kisahani chini ya chungu wakimwage siku hiyohiyo, maana maji yaliyotuama ndani ya nyumba ni kitanda cha mbu. Na kila wiki lizungushe robo ya mzunguko, majani yapate haki sawa ya dirisha.

Siku moja nilimwuliza kwa nini hapitishi gundi kwenye fundo la mwisho, kama nilivyoona kwenye masusu ya madukani. Alinyamaza kidogo, akaendelea kukaza. "Gundi ni ya mtu asiyeliamini fundo lake," alisema. "Nami nataka atakayekuja aweze kulifumua, aone nilivyolifunga."

Sijui sifa kubwa zaidi ya kazi ya mikono kuliko hiyo: kufungwa kwa nguvu kiasi cha kubeba, na kwa uwazi kiasi cha kufundisha. Kwa hiyo msomaji, kabla ya kununua ua lingine, inua macho utafute boriti. Kisha mtafute mtu wa mtaani kwako anayejua kufunga, umlipe bei yake bila kupunguziwa, na siku ya kulichukua susu nenda na mtoto mmoja, akae mkekani. Fundo hili hujifunzwa kwa alasiri moja. Mikono inayolijua ikiisha, hakuna duka litakalotuuzia tena.